Wimbo wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Siku ya hitima ya Bi Tatu walinikalisha kizingitini. Si kwamba chumba kilijaa. Mkeka wa katikati ulikuwa na nafasi ya watu watatu wanene, lakini nilipouelekea, Rehema, mpwa wa marehemu, ambaye zamani tulichuma matembele pamoja, akanyoosha miguu yake akaijaza nafasi yote bila kunitazama usoni. Nikakaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, huku wanawake waliobeba sinia za pilau wakinikanyaga kanga na kuniomba radhi kwa sauti ya watu wasioomba radhi. Binti yangu Mwanaidi, tuliyekuja naye asubuhi kutoka Kibiti, aliketi nje kwenye baraza, akainama akaninong'oneza kama tuondoke. Nikamwambia akae. Bi Tatu ndiye aliyenicheza unyago. Alikuwa somo yangu, na mtu hasusi msiba wa somo yake hata kama huyo somo aliishi miaka kumi na sita bila kusema naye neno. Nikala pilau yao, nikasikiliza wakimsifu, roho imenijaa chuki, na kila sifa waliyoitaja ilinirudisha kwenye mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa mwandishi wa mtaala.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya kata ya Mtunda, kwenye kijiji nilikozaliwa, nikiwa na miaka mitatu tu kazini. Mradi ulipokuja kutafuta walimu wa kuandika masomo ya hisia na utulivu wa akili kwa watoto wa madarasa ya chini, mwalimu mkuu alitoa jina langu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Mimi nilikwenda kwa sababu nyingine. Nilikuwa nachapa watoto. Nilichapa kila siku, nikirudi nyumbani mkono unauma, na kesho yake wale niliowachapa kwa kupigana walipigana tena. Niliposikia kuna namna ya kumfundisha mtoto wa miaka tisa kuijua hasira yake kabla haijafika kwenye ngumi, niliitaka namna hiyo kama mtu anayetaka dawa ya jino. Nalisema hili mapema, kwa sababu baadaye walisema nilikwenda kutafuta sifa. Sifa nilizipenda, sikatai, ila hazikuwa za kwanza.

Tuliandikia Kibiti, katika chumba cha nyuma cha duka la saruji na mabati, kando ya barabara kuu. Kila lori la kwenda kusini lilipopita, vikombe vilitetemeka mezani na vumbi la saruji likashuka kutoka darini juu ya karatasi zetu. Tulikuwa watatu. Kiongozi wetu alikuwa Madamu Eveline, mtaalamu wa saikolojia kutoka Dar es Salaam, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya wazi ambavyo alivifuta kwa karatasi laini kila baada ya saa moja. Wa pili alikuwa Mwalimu Shamte, mtu mzima wa visiwani huko delta, aliyefundisha miaka mingi shule ambazo ukikosa maji kujaa hufiki. Wa tatu mimi. Mchana tulikula kwa Bi Salima, mama ntilie wa ng'ambo ya barabara: wali, samaki wa nazi, na mchicha uliopikwa mpaka ukakata tamaa. Madamu hakula. Alikuja na chakula chake ndani ya vibakuli vya plastiki na maji yake ya chupa, akatazama sahani zetu kwa huruma ambayo hadi leo sijamsamehe.

Ukuta uliotutenganisha na ofisi yake ulikuwa wa mbao nyembamba, na alizungumza na simu kana kwamba mbao ni zege. Wiki ya pili nilimsikia akiwaambia wakubwa wake kwamba watu wa huku ni wema lakini wazito, kila kitu lazima uwatafunie. Shamte alikuwa anachonga penseli. Aliendelea kuchonga mpaka penseli ikabaki fupi ya kushindwa kushikika, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu Saada, weye umetafuniwa ngapi leo?" Nilicheka, ila moyoni kuliingia kitu kigumu ambacho hakikutoka mwaka ule wote.

Masomo yenyewe alikuja nayo yameshaandikwa huko yalikoandikwa, kazi yetu ilikuwa kuyavalisha kanzu. Kulikuwa na somo la kula zabibu kavu moja polepole, macho yamefumbwa, mtoto akisikiliza ulimi wake. Lilijaribiwa Ramadhani. Nusu ya darasa langu walikuwa wanafunga au wanajifunza kufunga, na nilimweleza hivyo, akasema hawatameza, wataweka tu ulimini. Watoto walizipokea zabibu kwa adabu, wakafumba macho kama walivyoagizwa, na nilipotazama niliona kila mmoja ameifumbata yake kiganjani. Walizipeleka nyumbani zikaliwe kwenye futari. Kulikuwa na somo la kusema hisia yako kwa mtu mzima: nina hasira kwa sababu umefanya hivi. Mtoto mmoja wa kike alimwambia babu yake kwamba ana hasira kwa sababu amempiga, akapigwa upya, safari hii vizuri zaidi, na babu akaja shuleni kuuliza ni nani anayefundisha watoto kuhukumu wazee. Madamu aliandika kwenye daftari lake kwamba wazazi wanahitaji semina.

Lakini si yote yalikuwa mabaya, na hasira isinifanye niseme uongo. Somo la chupa lilikuwa zuri. Lilitaka chupa ya maji yenye vimeta, vile vipande vidogo vinavyong'aa, uitikise, watoto watazame vinavyotulia. Vimeta hatukuwa navyo. Shamte akaja na chupa ya maji ya mto Rufiji ya wakati wa mafuriko, akaitikisa mbele ya darasa langu, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, akaiweka mezani. Watoto arobaini na kitu walikaa wakitazama tope likishuka, na darasa likawa kimya ambacho fimbo yangu haijawahi kukileta. Kisha akawauliza ni lini vichwa vyao viko hivyo, na mikono ikanyooka mingi. Mmoja alisema, baba anaporudi. Mwingine alisema, tukihamia dunguni kulinda mpunga na ndege wameumaliza. Madamu alisimama nyuma ya darasa akasema maji yale ni machafu, hayawezi kuingia kwenye kitabu cha taifa. Yakatolewa. Vimeta vikarudi.

Ugomvi wenyewe ulitokea siku ya mvua, tumefungiwa chumbani, umeme umekatika, ratiba imechelewa. Tulibakiwa na somo la kuzuia hasira na kila tulichoandika alikikata kwa kalamu nyekundu. Alisema hakioneshi uasilia, wafadhili wanataka kitu cha jamii yenyewe. Nilimwambia chupa ya Shamte ilikuwa ya jamii yenyewe. Akaweka kalamu chini, akatutazama mmoja mmoja.

"Hivi ninyi watu wa huku," akasema, "hamna chenu hata kimoja cha kumfundisha mtoto kutulia? Mnawalea vipi? Kwa fimbo tu?"

Neno la fimbo ndilo lililonimaliza, kwa kuwa lilikuwa kweli kwangu na alilitupa kwa wote. Nikamwambia tunacho. Nikamwambia tulikuwa nacho kabla babu yake hajajua kusoma. Shamte alikuwa anakunywa chai. Alinitazama usoni, akaelewa ninakoelekea kabla yangu, akaweka kikombe. "Mwalimu, hayo hayasemwi nami nikiwapo," akasema. Nilidhani anaona haya tu, kama wanaume wanavyoona haya. Akatoka akasimama kwenye mvua, chini ya kipande cha bati kisichomtosha, mtu mzima yule, na kutoka kwake kulikuwa onyo ambalo hata mtoto angelielewa. Sikulielewa kwa sababu sikutaka. Nilimwimbia Madamu Eveline wimbo niliofundishwa na Bi Tatu nikiwa mwali, siku ya tano ndani, wimbo wa mtu aliyetukanwa na nini afanye na mikono yake, pumzi yake na ulimi wake. Nilimwonesha na vitendo vyake. Akaniomba nirudie, akaweka simu mezani irekodi, na alipoisikiliza macho yake yaling'aa. "Hii ni dhahabu," akasema, na mimi, mpumbavu, nikafurahi.

Sitauandika hapa, wala maana yake sitaieleza zaidi ya nilivyokwisha kusema. Naweza kusema chumba. Kilikuwa chumba cha nyuma cha Bi Tatu, dirisha limezibwa kwa kanga kuukuu, mkeka mmoja, mtungi wa maji, harufu ya mafuta ya nazi yaliyokaa. Tulikuwa wasichana wanne. Kabla ya kufundisha chochote Bi Tatu alikuwa akisema, "Funga mlango," hata kama umefungwa, na mmoja wetu alilazimika kuinuka, kuufungua na kuufunga tena ili asikie kitasa. Baada ya hapo ndipo alipokaa, akanyoosha miguu, akaanza. Aliufundisha wimbo ule kwa ukali. Alitutukana kwanza, kila mmoja kwa lile analolionea uchungu, mimi aliniambia juu ya meno yangu, kisha akatutaka tuimbe huku machozi yanatutoka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na niliushika siku ile ile. Miaka kumi na mitatu baadaye mwanamke wa mjini aliniudhi, na nikaumwaga wimbo wa kuzuia hasira kwa sababu ya hasira. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria ndoa yangu.

Ulichapwa ukurasa wa kumi na tisa. Juu kulikuwa na picha ya mvulana na msichana wamesimama mkono kifuani, chini yake maneno yote, beti zote, na mishale ikionesha vitendo. Mwanzoni mwa kijitabu, kwa herufi ndogo, liliandikwa jina langu. Nilikibeba kwenye pochi wiki nzima. Shamte alikifungua kwenye ukurasa ule, akakifunga, akakirudisha mezani kwa vidole viwili, na tangu hapo alizungumza nami mambo ya kazi tu.

Tulikijaribu kwanza katika shule yangu. Watoto waliupenda wimbo ule, hasa wavulana, kwa sababu una vitendo. Hatukumaliza beti zote siku ya kwanza, tulifika nusu, kengele ikagongwa. Njia ya kutoka shuleni inapita kando ya mashamba ya mpunga, na ulikuwa msimu wa kulinda ndege, wanawake wapo juu ya madungu yao, vile vibanda vya nguzo ndefu, wakipiga makopo. Wavulana wa darasa la tatu walipita wakiimba kwa sauti, mikono inapiga vitendo. Niliyekuwa nyuma yao ni mimi. Nilisikia makopo yakinyamaza, dungu moja baada ya jingine, mpaka shamba zima likawa kimya na ndege wakashuka wanavyotaka. Nikainua kichwa. Bi Tatu alikuwa amesimama juu ya dungu lake, kamba ya makopo mkononi, ananitazama. Nilimwamkia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwamkia mtu mkubwa na shikamoo yangu isipokelewe.

Kesho yake walikuja shuleni. Hawakupiga kelele, na laiti wangepiga. Walikuwa wanawake kama thelathini, wakaketi chini mbele ya ofisi tangu kengele ya asubuhi, kanga zimefunika vichwa, hawasemi. Mwalimu mkuu aliwauliza shida yao nini. Wangemwambiaje, naye ni mwanamume? Aliwauliza kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akaja kuniuliza mimi, na mimi pia sikuweza kumwambia. Ikabidi aitwe mke wake kutoka nyumbani. Alizungumza nao dakika moja tu, akarudi akamwambia mumewe, "Choma vitabu, usiulize." Vilichomwa nyuma ya vyoo, na wanawake walihesabu mpaka cha mwisho. Madamu Eveline alifika kwa gari mchana, akakuta majivu. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba jamii haikuwa tayari. Mradi ukahamia mkoa mwingine, na masomo yote, hata yale mazuri, yakaondoka nao. Niliirudia fimbo mwezi mmoja, nikaona aibu, nikaiacha. Chupa ya maji ya mto niliiweka dirishani darasani, nikahama nayo, na ipo mpaka leo, ndicho kitu pekee cha mtaala ule kilichobaki kazini.

Bi Tatu aliniita Ijumaa. Nilimkuta chumba kile kile cha nyuma. Kanga ya dirishani ilikuwa imeondolewa na mlango uko wazi, na nilipotaka kuufunga, kwa mazoea, akaniambia niuache. Wajukuu walipita, kuku waliingia, jirani alichungulia akiuliza chumvi. Alizungumza nami hivyo hivyo, kila mtu anasikia.

"Nilikupa kitu ukitunze, umekwenda kuwapa wanaume," akasema. "Basi mie nawe hatuna la kufungia mlango. Nenda."

Nililia, nikajitetea, nikamweleza juu ya Madamu na maneno ya fimbo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Alikutukana?" Nikasema ndiyo. "Na mie nilikufunza nini?" Nilikosa, na nalikubali bila mtu kunishika mkono. Lakini nasema pia kwamba walinitenda kupita kosa langu. Nilihamia Kibiti mwaka uliofuata. Nilipata mtoto, huyu Mwanaidi, na alipovunja ungo nilimpeleka kijijini na kanga mpya na mchele wa kutosha, nikabisha milango minne ya makungwi. Kila somo alinipokea, akanikaribisha chai, akasema mwaka huu hana nafasi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu alirudi nami kwenye pikipiki akiuliza amefanya nini. Hilo silisahau, na sikulisahau pale kizingitini nikila pilau.

Hitima ilikwisha alasiri. Wanawake waliondoka na mabakuli yao, nami nikainuka kukung'uta kanga. Rehema hakuwa ameinuka. Aliniita dada, jambo ambalo hakulifanya miaka kumi na sita, na hapo nilijua anataka kitu. Alizungumza akitazama mkeka. Baada ya mwaka ule, alisema, Bi Tatu aliacha kuufundisha wimbo ule. Alisema atasubiri wavulana wale wakue wausahau. Kisha akapata kiharusi, mdomo ukapinda, maneno yakapotea. Wakubwa wengine waliokuwa wakiujua wamekufa, na waliochezwa zamani wamebaki na vipande. Sasa kungwi ni yeye Rehema, likizo ya Desemba ana wasichana saba ndani, na wimbo anao mwanzo tu.

"Kile kitabu," akasema. "Hakikusalia hata kimoja?"

Nilicheka, na sikucheka vizuri. Nilimwambia walivihesabu wenyewe vikiungua, alikuwapo, nilimwona. Kimoja kipo, chini ya vyeti vyangu sandukuni, ila nilimwambia hapana na sikuona dhambi. Akatoa simu kifuani, akaibonyeza, akaiweka kwenye mkeka baina yetu. Niliziona namba za sekunde zikianza kukimbia. Sauti iliyonitoka ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia.

"Izime."

"Nitasahau, dada. Kichwa changu si cha zamani."

"Basi utarudi tena. Na ukisahau tena, utarudi tena. Izime."

Akaizima. Nikageuka nikamwita Mwanaidi kutoka barazani. Rehema alisema polepole kwamba mtoto yule hakuchezwa, hawezi kuingia kwenye maneno haya. Nikamuuliza ni nani aliyemkataa. Mlango mmoja katika ile minne ulikuwa wake, na chai yake nilikunywa. Mwanaidi alisimama kizingitini, viatu mkononi, akitutazama kwa zamu. Rehema alichezea ukili wa mkeka, kisha akakunja miguu yake, akasogea, na pale katikati pakapatikana nafasi. Binti yangu akaketi. Ndipo nami nikaketi, nikanyoosha miguu, nikamwambia Rehema afunge mlango.